Nani Apishwe, Nani Angoje? Kipaumbele cha Intaneti Majumbani Mwetu

 

Ndugu zetu wasomaji, na hasa akina mama na dada zetu mnaozijua siri za nyumba kuliko sisi, wiki hii twaomba idhini yenu tuzungumzie jambo ambalo huenda mkashangaa kuliona katika safu hii. Si talaka wala mirathi, wala si hukumu za funga. Ni kile kisanduku chenye taa za kumetameta kilichotundikwa sebuleni, ambacho mafundi hukiita ruta, na kitufe kimoja kilichojificha ndani ya mipangilio yake. Kitufe hicho kikiwashwa, nyumba nzima hupangwa foleni: huyu apite kwanza, yule angoje. Wazazi kadhaa wametuuliza, je, yafaa kukiwasha ili runinga isikwamekwame watu wanapotazama vipindi kwa intaneti? Tutalijibu swali hili kwa kisa kilichotokea nyumbani kwetu, kwa kuwa kosa lilikuwa letu wenyewe.

Usiku wa kuombana radhi

Ilikuwa Jumatano usiku, saa nne zimekwisha kupita. Ndugu yetu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu, anaishi Maskati pamoja na mumewe. Asubuhi ya pili yake alikuwa apasuliwe hospitalini. Kama ilivyo ada yetu watu wa pwani, mtu akikabiliwa na jambo zito hutaka kwanza radhi za mzazi. Basi alimpigia mama simu ya picha ili waonane uso kwa uso.

Mama yetu ni mtu mzima, na masikio yake si yale ya zamani. Alikishika kisimu kwa mikono miwili. Salamu zilifika vizuri. Kisha sauti ikaanza kukatika: neno moja lafika, matatu yapotea. Picha nayo ikaganda, uso wa bintiye umeinama, macho yakiwa chini. Mama akauliza, "Mbona walia, mwanangu? Kuna nini?" Hakujibiwa. Akauliza tena. Mara simu ikakatika yenyewe. Walijaribu mara mbili zaidi, ikawa ni yale yale. Mama akasema labda mtoto amechoka, akaenda kulala na wasiwasi wake.

Huko Maskati mambo yalionekana kwa namna nyingine. Binti alikuwa ametamka, "Mama, niwie radhi kwa yote," kisha akangoja. Alichokiona ni uso wa mamake umetulia kimya, haujibu neno, mpaka simu ikakatika. Baina yao palikuwa na neno la zamani, dogo tu, ambalo sisi wengine tulikuwa tumelisahau. Yeye hakulisahau. Usiku kucha hakupata usingizi.

Baada ya sala ya Alfajiri alitupigia simu ya kawaida. Hakuanza kwa habari za hospitali. Aliuliza, "Kaka, Mama hajaniridhia?"

Tulikwenda mbio hadi chumbani kwa mama tukamwekea simu sikioni. Mama aliposikia alilia kama mtoto. Akamridhia, akamwombea dua ndefu, na dua ile ikamfikia kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Alhamdulillahi, alipona na yu mzima. Lakini tulibaki tukijiuliza: lau Mola angeamua vingine, je, lile kimya lingebaki kuwa kauli ya mwisho baina ya mama na mwanawe?

Kosa lilikuwa wapi

Siku mbili kabla ya usiku ule, kijana wetu aliye kidato cha tatu alikuwa ametujia akilalamika kwamba runinga inakwama katikati ya kipindi. Akasema amegundua ndani ya ruta pahala palipoandikwa herufi tatu, QoS, ambapo chombo kimoja huweza kupewa kipaumbele kuliko vingine. "Baba, niiweke runinga iwe ya kwanza?" Sisi tulikuwa tunasahihisha madaftari ya watoto wa madrasa. Bila ya kuinua uso tukajibu, "Haya, iweke." Hatukuuliza, runinga ikiwa ya kwanza, ni nani atakayekuwa wa mwisho?

Usiku ule kulikuwa na mechi ya Ulaya. Runinga ilikuwa imefunguliwa kwa ubora wa picha wa juu kabisa. Juu ya hayo, mabinti walikuwa wametoka harusini, na simu zao zilikuwa zikipandisha mamia ya picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, hakuna aliyejua. Laini yetu ni ya megabiti 10 kwa sekunde. Runinga ilichukua karibu yote iliyokuwa ikiingia, picha za harusi zikaziba njia ya kutokea, na sauti ya mtu aombaye radhi ikaachiwa makombo.

Kijana hakufanya ubaya. Alifanya alichoruhusiwa na babake. Lawama ilitustahiki sisi tuliotoa ruhusa ya jambo tusilolijua. Ndipo tukakaa naye jioni kadhaa, tukasoma, tukauliza mafundi, na haya ndiyo tuliyoyafahamu.

Kipaumbele hakiongezi maji

Jambo la kwanza, na ndilo linalowapotosha wengi, ni kudhani kwamba kuwasha kipaumbele huongeza kasi ya intaneti. Haiongezi hata chembe. Mwenye megabiti 10 atabaki na 10.

Akina mama wa Mombasa walifahamu hili bila ya kufunzwa na fundi. Siku mfereji ukitoa maji kidogo, majirani hupanga mitungi foleni. Mkipanga kwamba mtungi wa fulani utangulie, maji hayazidi. Aliyetangulia ameharakishiwa, na muda aliopunguziwa yeye ndio aliozidishiwa mwingine. Ruta nayo ni kama mfereji huo. Intaneti husafiri kwa vipande vidogo vidogo. Vipande vikifika vingi kuliko upana wa laini, hujipanga ndani ya kumbukumbu ya ruta vikisubiri zamu. Kazi ya kipaumbele ni kuipanga foleni hiyo, basi. Kama hakuna foleni, hakina kazi.

Kutokana na hapo yapatikana hukumu mbili nyepesi. Nyumba yenye laini pana kuliko mahitaji yake haina haja ya kukiwasha. Zaidi ya hayo, baadhi ya ruta zikiwashwa kipengele hiki hulazimika kukikagua kila kipande zenyewe, na laini ya kasi kubwa ikapungua kasi badala ya kufaidika. Na nyumba ambayo intaneti yenyewe haifiki nayo haitasaidiwa na kitufe. Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, zilipokatika nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Siku kama ile hata ungeipa runinga cheo cha sultani, maji hayapo mferejini.

Kitufe hiki basi ni cha watu wa katikati: wenye laini inayotosha kiasi, lakini saa za jioni, kila mtu anapokuwa nyumbani, hubanana.

Runinga ni mgeni mwenye akiba

Jambo la pili lilitustaajabisha. Tulidhani runinga ndiyo dhaifu ya kuhurumiwa kwa kuwa ndiyo kubwa na ndiyo inayolalamikiwa. Kumbe ndiyo yenye subira kuliko vyombo vyote.

Mtu anapotazama filamu au mawaidha yaliyorekodiwa, chombo hakileti picha ya sekunde hii kwa sekunde hii. Hutangulia kuvuta sehemu ya mbele na kuiweka akiba, aghalabu ya makumi ya sekunde. Laini ikizibwa kwa sekunde tano, mtazamaji hajui, kwani anakula akiba. Na ikizidi kubanwa, programu hushusha ubora wa picha yenyewe, kutoka picha kali hadi ya wastani, na kipindi kikaendelea. Hata mechi inayoonyeshwa moja kwa moja huwa nyuma ya uwanja kwa sekunde kadhaa, pengine nusu dakika. Ndiyo sababu jirani mwenye dishi hupiga kelele za bao kabla yenu.

Simu ya sauti au ya picha haina akiba. Neno litokalo kinywani Maskati lazima lifike sikioni Mombasa papo hapo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilikwisha kupendekeza kwamba mazungumzo huwa mazuri ikiwa sauti haikawii zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, yaani chini ya sehemu ya sita ya sekunde. Neno lililochelewa halifai tena, hutupwa. Nalo darasa la mtoto anayesomeshwa Kurani na mwalimu aliye mbali ni vivyo hivyo: akikosea makhraj na mwalimu asisikie, kosa limepita.

Jambo la ajabu ni kwamba huyu asiyeweza kungoja ndiye ahitajiye kidogo. Sauti tupu yatosheka na kilobiti 100 hivi kwa sekunde, yaani sehemu ya kumi ya megabiti moja. Simu ya picha yahitaji kadiri ya megabiti 1 hadi 3. Ama filamu, kampuni ya Netflix yenyewe hupendekeza megabiti 3 kwa picha ya kiwango cha 720, megabiti 5 kwa 1080, na megabiti 15 kwa 4K. Na runinga ikipewa nafasi ya kwanza bila ya mpaka, hupanda ubora daraja baada ya daraja hadi imeze kila inachokipata. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu: tulimtanguliza mwenye njaa kubwa na subira nyingi, tukamkawiza mwenye haja ndogo asiyeweza kusubiri.

Mizani waliyotuachia maulamaa

Maulamaa wetu waliyapanga maslaha ya wanadamu daraja tatu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijria, aliyataja, na Imamu Shatibi, aliyefariki mwaka wa 790, akayapambanua kwa upana. La kwanza ni dharura, ambazo zikikosekana dini, nafsi, akili, kizazi au mali huangamia. La pili ni haja, ambazo zikikosekana watu huishi kwa dhiki. La tatu ni mapambo, yanayoyafanya maisha yapendeze. Kanuni yao ni kwamba pambo haliruhusiwi kuivunja haja, wala haja haiivunji dharura.

Tuiweke ruta kwenye mizani hii. Simu ya mgonjwa, simu ya mzazi aliye mbali, ujumbe wa daktari, hayo hukaribia dharura. Darasa la mtoto, kazi ya baba afanyiaye nyumbani, simu ya mama auzaye keki na mabuibui kupitia mtandao na mteja yu hewani akingoja bei, hizo ni haja, kwa kuwa ndani yake mna elimu na riziki. Filamu, mechi na michezo ya watoto, maadamu ni ya halali, ni katika mapambo. Hatuyakatazi. Nyumba isiyo na furaha nayo ina maradhi yake. Lakini pambo hukaa mahali pake.

Wala hili si jambo la nyumba zetu peke yake. Mwezi Machi 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, Umoja wa Ulaya uliziomba kampuni za video zipunguze mzigo ili wanafunzi, wafanyakazi na madaktari wapate njia. Netflix ikashusha wingi wa data yake barani humo kwa kadiri ya robo kwa siku 30, na YouTube nayo ikapunguza kiwango cha picha. Watu hawakunyimwa filamu, walipewa picha hafifu kidogo, ili haja ipite. Ikiwa bara zima liliweza kuishi hivyo, nyumba ya vyumba vitatu yashindwaje?

Aliye juu ana mpaka

Kuna kisa mashuhuri katika vitabu vya Hadithi. Zubayr bin Awwam (R.A.) na mtu mmoja katika Ansari walishitakiana kwa Mtume (S.A.W.) kuhusu mifereji ya maji ya Harra, nje ya Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu, hivyo maji humfikia yeye kwanza. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Zubayr anyweshe, kisha ayaachilie yaende kwa jirani yake. Yule Ansari akanung'unika kwamba amependelewa kwa ujamaa. Hapo ndipo Zubayr alipoambiwa aichukue haki yake kamili. Lakini hata haki hiyo kamili ilikuwa na kipimo: maji yakikifikia kimo kilichowekwa, ambacho watu walikikadiria kuwa ni cha vifundo vya miguu, huachiliwa.

Ndugu yetu wa Maskati hutusimulia kwamba katika mifereji ya kale ya Omani iitwayo falaji, maji hupita kwanza pahala pa kunywa ambapo kila mtu ana haki, kisha ndipo yakagawanywa kwa zamu mashambani, na zamu hupimwa kwa muda. Mgawo huu umedumu karne nyingi, kwa sababu wa kwanza ana zamu, na zamu ina mwisho.

Basi somo letu ni hili: kumtanguliza mtu si kumpa vyote. Anayetangulizwa na awekewe mpaka. Ruta nyingi zinazotoa kipaumbele hutoa pia uwezo wa kuweka kikomo cha kila chombo. Mwenye kuweka cheo bila ya kuweka kikomo amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo huenda ikawa ndiyo dhuluma.

Kabla ya kukigusa kitufe

Kwa wanaotaka kutenda, hii ndiyo njia tuliyoifuata.

Kwanza, chunguzeni kama tatizo ni laini au ni ukuta. Nyumba nyingi za Mji wa Kale na za Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe, na mawimbi ya waifai hayapendi jiwe. Pimeni kasi mkiwa karibu kabisa na ruta, kisha pimeni mahali runinga ilipo. Ikiwa karibu ni 10 na chumbani ni 2, kipaumbele hakina dawa. Sogezeni ruta katikati ya nyumba, juu, mbali na kabati la chuma, au vuteni waya hadi kwenye runinga. Waya wa shilingi chache umewahi kumaliza ugomvi wa miezi.

Pili, pimeni saa ya msongamano, baina ya saa moja na saa nne za usiku. Kipimo cha saa tisa za alasiri hakisemi kweli.

Tatu, hesabuni mahitaji ya wakati mmoja. Kwetu ilikuwa runinga megabiti 5 ikiwa kwenye 1080, simu ya picha 2, darasa la mtoto 2. Jumla 9 katika 10. Kumbe kwa kuishusha runinga daraja moja tu, wote walikuwa wanatosha! Picha ya 4K kwenye runinga ndogo, macho mengi hata hayaitambui.

Nne, zipangieni simu zipandishe picha usiku wa manane. Njia ya kutokea, hasa kwa wanaotumia intaneti ya masafa ya simu, aghalabu ni nyembamba kuliko ya kuingilia. Ikizibwa na picha za harusi, sauti yako haitoki.

Tano, mkiona bado mnabanana, tazameni kwanza kama ruta yenu ina foleni ya uadilifu kabla ya kuteua chombo cha kukitanguliza. Mwaka wa 2012 wataalamu wawili, Kathleen Nichols na Van Jacobson, walitangaza kanuni iitwayo CoDel, inayoizuia foleni isirefuke kupita kiasi. Baadaye kanuni hiyo iliunganishwa na mgawo wa zamu baina ya mazungumzo yote yapitayo, ikaitwa FQ-CoDel, na nyingine ya aina hiyo huitwa CAKE. Uzuri wake ni kwamba haimtaji yeyote kwa jina. Kila mmoja hupewa zamu, na mwenye mzigo mdogo, kama sauti ya simu, hapitwi na mwenye mzigo mkubwa. Mkiipata, iwekeeni kasi kama asilimia 90 ya ile mliyoipima, kuingia na kutoka, ili foleni ikae ndani ya ruta yenu mnayoitawala, isikae kwenye mitambo ya kampuni msiyoitawala.

Sita, ikiwa ruta haina hiyo, ila ina kipaumbele cha vyombo tu, basi tangulizeni simu ya kuzungumzia na kompyuta ya darasa. Runinga iwe ya katikati pamoja na kikomo chake. Masasisho na kupakua mafaili makubwa yawe ya mwisho. Pale mtakapokuta herufi WMM, paacheni pakiwa pamewashwa. Hiyo ni njia ya waifai yenyewe ya kutenganisha sauti na mizigo mingine, na kuizima huweza kuishusha kasi.

Saba, jaribuni. Mtu mmoja afungue kipindi, mwingine apige simu ya picha. Msikilize kwa dakika tano. Kisha andikeni mlichokibadilisha, ili mkitaka kurudi mjue njia.

Shauri kabla ya cheo

La mwisho ni lenye uzito kuliko yote. Mwenye nywila ya ruta siku hizi ana mamlaka nyumbani. Tumewahi kuletewa mashitaka ya mume aliyeiweka simu yake ya kwanza na ya mkewe ya mwisho, na mke hajui, yeye huona tu kwamba intaneti imeharibika kila anapozungumza na nduguze. Huyu asijidanganye kwamba ni mambo ya mitambo. Ni haki ya mtu imepunguzwa kwa siri. Vilevile majirani wa jengo moja wanaochangia malipo ya laini, ikiwa mkataba wa kampuni unawaruhusu, wao ni washirika. Mshirika mmoja kujitanguliza bila ya ridhaa ya wenzake, ilhali wote wametoa sawa, ni khiyana.

Kaeni kikao, hata cha robo saa, baada ya chakula. Muulizeni kila mmoja: saa ngapi huwezi kungoja? Mtoto atataja darasa lake. Mama atataja wateja wake. Bibi, ambaye hakuna anayemuuliza mambo ya intaneti, atataja mtu aliye mbali. Na msimsahau kijana na mechi yake, kwani aliyeshirikishwa katika shauri hulilinda.

Basi jibu letu kwa waliouliza ni hili. Kuwasha kipaumbele kwa ajili ya runinga, kwa jumla, hakuhitajiki, na penye laini nyembamba kwaweza kuwadhulumu wengine. Shusheni ubora wa picha kwanza, rekebisheni mahali pa ruta, tumieni foleni ya uadilifu mkiipata. Mkilazimika kumtanguliza mtu, mtangulizeni yule ambaye haja yake ni ndogo na hawezi kungoja, na mjue ni nani mnayemkawiza.

Kwetu sisi, kijana mwenyewe ndiye aliyeiondoa runinga kwenye nafasi ya kwanza. Mechi anaitazama mpaka leo, wala haikwami. Na kila Jumatano usiku mama yetu huketi kitini pake akazungumza na bintiye wa Maskati. Juzi tulimsikia akimwuliza, "Wanisikia, mwanangu?" Kutoka upande wa pili jibu likaja papo hapo, safi, "Nakusikia, Mama."

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu uadilifu katika mambo makubwa na madogo, awaponye wagonjwa wetu, na awakutanishe kwa kheri waliotengana na wazazi wao. Amin. Wallahu aalam.